Mbuzi wa Kumtoa Tonton

Nilikwenda polisi Kabondo kushitaki wizi wa simu yangu, nikamkuta mwanamume ameingia ofisini na mbuzi. Nyuma yake alisimama binti yake mdogo, mkono umefungwa bendeji hadi kiwiko. Tonton yake, ndugu wa baba yake, alimchoma kwa kisu cha moto, kisa kipande cha samaki, na sasa yuko korokoroni.

“Bon, chef,” baba alimwambia polisi wa kike, akitabasamu. “Familia ilikaa, tulisikilizana. Ndugu yangu alitoa mbuzi. Mumufungulie.”

“Mbuzi iko ya nani?”

“Yangu.”

“Na mukono yenye iliungua, iko ya nani?”

Baba akamtazama mbuzi, utadhani ndiye aliyeulizwa.

“Papa, kuchoma mutoto ni kosa ya prizo, hata kama familia yote imesamehe. Itafika tribinali.”

Nilikaribia kupiga makofi. Kumbe sheria ina meno, nikajiambia, mtoto amepata wa kumlinda. Kisha nikachungulia dirishani. Tonton amebaki ndani. Papa anarudi nyumbani na mbuzi wake, na anayemvuta ni yule binti, kwa mkono uliobaki mzima.