Hofu ya Kutoka Nje

Juzi, kwenye meza ya vitabu sokoni Mazwi, hapa Sumbawanga, mama mmoja aliomba kitabu cha kutisha. Mama mkwe wake wa Kasense amevunjika mguu, na hofu pekee ndiyo humsahaulisha maumivu.

"Chukua hiki, mama," alisema muuzaji. "Mchawi anaruka na ungo kutoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam."

Mama alikirudisha kwa vidole viwili. "Mzee wangu, huyo kwake ni jirani tu. Atauliza ni mtoto wa nani."

Muuzaji akakuna kidevu, akachomoa kingine. "Humu jini la Dar es Salaam linapanda basi kuja huku."

"Yesu na Maria!" Mama akakikumbatia. "Hicho ndicho!"

Tangu milango ya biashara na nchi za nje ifunguliwe, twasifu sabuni na viatu vya kutoka nje. Apendekezaye vitabu naye akumbuke: hofu ya nyumbani haina mnunuzi.