Mashine Iliyofunikwa Kitambaa

Jumamosi iliyopita tulimzika, kule Bariadi, mtu ambaye wengi wenu hamkumjua, na hamkupungukiwa na kitu. Wafiwa wanisamehe. Nimesoma rambirambi nyingi mno zinazomgeuza kila maiti kuwa malaika, na sina nia ya kuongeza moja. Marehemu alikuwa mtunza stoo wa jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba, wakati ushirika ukiwa hai. Soko huria lilipokuja na jineri ikafungwa, akawa mnunuzi binafsi wa pamba. Lakini alipenda zaidi kujulikana kama mwenye mashine, na ni mashine hiyo iliyonipandisha basi kwenda msibani.

Nilimfahamu nikiwa mpakiaji wa marobota kwenye malori ya pamba, leo Dutwa, kesho Kasoli, keshokutwa Nyashimo. Shule niliiacha darasa la tano na sikuwahi kujua kukaa mahali pamoja, ila nikiona kitu kinachozunguka nitashuka garini nikiangalie. Siku hizo jineri ilikuwa ikibomolewa kama chuma chakavu. Orodha ya chakavu aliiandika mtunza stoo mwenyewe, na humo akaandika mashine ya kupigia ribiti, vile vipini vya chuma vya kuungia vitu, kisha akaichukua kwake. Ilikuwa ya chuma kizito, ndefu kama mtu, yenye gurudumu ubavuni na pedali chini, na kibao cha shaba chenye jina la mji fulani wa Uingereza. Zamani iliunga mikanda ya ngozi iliyozungusha mitambo. Baadaye ilipiga zile ribiti za shaba zinazoshika lainingi, yale mabamba yanayolika, kwenye breki za malori. Mtu aliyeishi nayo alikuwa fundi mmoja, aliyepunguzwa kazi siku moja na wenzake wote. Mtunza stoo aliyaishi maisha yake na funguo tu.

Alimwita fundi kwenye banda nyuma ya nyumba yake. Nilikuwepo. "Wewe ndiye unayeijua," akamwambia. "Ikipona, utafanyia kazi hapa hapa. Malori yote ya msimu yatakuja kwako." Fundi akajibu, "Mzee, ikipona sitaki kingine." Wakati huo madereva walikuwa wakipeleka breki zao hadi Mwanza, kwa hiyo haikuwa ahadi ndogo. Kwa mtu mwenye watoto na asiye na kazi, lilikuwa shamba zima.

Tuliilowesha kwa dizeli na oili chafu. Mimi nilisugua kutu kwa mchanga na magunzi ya mahindi hadi vidole vikachubuka. Springi iliyokatika fundi aliibadilisha kwa ya kiti cha trekta. Bushi aliichonga kwa tupa kutoka kwenye koki kuukuu ya shaba. Kichwa cha kugonga kilikuwa kimelika, akakitengeneza kwa kipande cha ekseli ya lori, akakipasha moto hadi kikawa chekundu, akakizamisha kwenye oili, akakijaribu kwa tupa, akatikisa kichwa, akarudia. Mtunza stoo alikuwa amekaa kwenye kiti akitueleza jinsi alivyoiokoa.

Hatimaye fundi akaweka ribiti, akakanyaga pedali. Ta! Ribiti ikalala bapa kama kifungo cha shati. "Sikia hiyo!" akapiga kelele. "Imeniamkia Kisukuma, imeniambia mwangaluka! Kesho naita madereva." Mtunza stoo aliizunguka mara mbili, mikono mgongoni. "Ngoja kwanza tuipake rangi," akasema.

Ikapakwa rangi ya kijani. Baada ya rangi ikaonekana bandani panavuja, ikahamishiwa sebuleni, kati ya kabati la vyombo na redio, ikafunikwa kitambaa cheupe cha kufuma. Wageni walinyweshwa soda wakiitazama. Fundi alikuja kila wiki. "Mzee, madereva wanauliza." Ngoja kwanza mvua ikate. Ngoja kwanza msimu uishe. Mwishowe akatafuta kipande cha reli na nyundo, akahamia Kasoli, akawa anapiga ribiti kwa mkono chini ya turubai.

Hapa inanibidi nijitaje na mimi. Miaka ilipita, nikayaacha malori, na nilipoanza kuandika katika ukurasa huu wa gazeti nilitafuta habari nzuri ya kwetu, nikamsifu mtunza stoo kwa kuokoa historia ya viwanda. Fundi sikumtaja. Marehemu aliikata makala, akaitia kwenye fremu ya kioo, akaitundika juu ya mashine, na tangu hapo "ngoja kwanza" ikakoma. "Gazeti limesema ni historia," aliwaambia watu. "Historia unaigonga ribiti?"

Upumbavu wake ulifika kileleni siku pikapu yake ilipoisha breki. Alimwita fundi aje na nyundo yake. Fundi akachuchumaa uani, akaanza kugonga. "Mzee, mashine iko hatua kumi hapo ndani." "Ile si ya kuchafua. Gonga taratibu, usipasue lainingi." "Sawa. Ukikosa breki mteremkoni, uikamate hiyo historia." Fundi aliondoka na kucha ya dole gumba imesagika.

Msibani, jeneza lilihitaji nafasi sebuleni, kwa hiyo vijana sita waliibeba mashine nje pamoja na fremu yake. Afisa mmoja akasoma wasifu na kumwita marehemu nguzo ya viwanda vidogo. Nilimtazama fundi, alikuwa anaitazama kucha yake.

Tulipomaliza kuzika, mjane alimfuata. "Fundi, ondoa chuma chako. Nimekipangusa vumbi miaka kumi na miwili, hakijaniambia hata asante." Fundi akasita. "Mayu, mama yangu, watoto watasemaje?" "Watoto wako Mwanza. Wanataka makochi."

Fundi akakanyaga pedali. Haikusogea. Oili ilikuwa imeganda ndani kama gundi. Akaomba dizeli kidogo kutoka kwenye pikapu, akatafuta kitambaa cha kusafishia. Kile cheupe mjane alikuwa amekishika kifuani. Basi fundi akaichukua fremu, akatoa kioo kwa uangalifu, akaichomoa makala yangu. "Hii bado unaihitaji?" Nikasema hapana. Akaisokota, akaichovya kwenye dizeli, akaisukuma ndani ya bushi, akaizungusha. Ilitoka nyeusi tii. Akakanyaga mara moja, mara mbili. Mara ya tatu pedali ikashuka.

Nimeandika safu hii kwa miaka mingi, na hilo ndilo andiko langu pekee nililoliona likifanya kazi. Ukikuta kitu kizuri kimesimama bure, usikisifu. Uliza kwanza aliyekitengeneza yuko wapi, na kwa nini anagonga kwa nyundo.