Kwenda Buyenzi Kusikiliza Wimbo wa Idi

Niliondoka Ujiji kwa sababu ya wimbo nisioupenda. Nalisema hili mapema, wasije watu wa nyumbani wakadhani nimekuwa shabiki uzeeni. Wimbo wenyewe ni wa Idi, mtoto wa dada yangu, naye huimba panki, muziki ambao kwa masikio yangu ni mtu anayegombana na gitaa lake. Mimi ni muuza vitenge. Nikitaka kelele, ninazo za kutosha sokoni.

Idi alikuwa kwangu tangu alipoikimbia Bujumbura. Kule Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa mji ule, yeye na rafiki yake Deo walikuwa wameanzisha bendi ndani ya gereji, wakaiita Kutu. Mzungu mmoja aliacha gari lake litengenezwe, na ndani mlikuwa na kaseti ya panki. Kipuri kilichelewa kufika, vijana wakaisikiliza kaseti ile mpaka wakaihifadhi. Idi akawa mwimbaji. Deo, ambaye kazi yake ni kunyoosha bodi za magari kwa nyundo, akawa mpiga ngoma.

Halafu vita vikaingia mitaani. Mji uligawanyika, huku kabila hili, kule lile, ila Buyenzi watu waliendelea kuishi wamechanganyika. Mashabiki wa Kutu kutoka mtaa wa Kamenge hawakuweza tena kukanyaga Ngagara, mtaa wa kabila la pili, wala wa Ngagara kukanyaga Kamenge, lakini Jumapili wote walikuja gerejini. Kwa hiyo kila upande ukaanza kusema kwamba Kutu ni bendi ya upande mwingine, na Idi akatishwa na wote. Asubuhi moja alipanda boti bila kumuaga hata Deo.

Mwaka huu ninaosimulia, viongozi walikuwa Arusha wakizungumza habari za amani na milimani bunduki zikiendelea kulia. Idi alirekodi wimbo mpya Kigoma na vijana wawili wa Kikongo, akampa kuli wa bandarini aufikishe kwa mashabiki. Haukupita muda, dada yangu Mwamini akaniletea salamu kwa kinywa cha kuli yuleyule: gerejini wanagombana kwa ajili ya wimbo wa mtoto, wengine wameacha hata kumwamkia yeye, mama mtu.

Nilimwambia Idi aandike maelezo ya wimbo wake, niwapelekee, mambo yaishe. Akakataa katakata.

"Wimbo ukielezwa umekufa, mama mdogo," alisema. "We nenda ukawasikilize tu. Kama bado wanakaa pamoja, narudi kwa mama. Kama wametengana kwa sababu yangu, basi, sirudi tena."

Hilo ndilo nililobeba, na lilikuwa zito kuliko vitenge. Nilitaka dada yangu ampate mwanawe. Na nilitaka mtoto abaki kwangu, mbali na risasi. Nilitaka yote mawili kwa moyo mmoja.

Bandarini Kigoma tulipakia jioni. Ilikuwa boti ya mizigo, nami nilikaa juu ya magunia ya chumvi ya Uvinza pamoja na mama mmoja wa Rumonge aliyelala tangu kamba zilipofunguliwa hadi mwisho wa safari. Nilimwonea wivu. Mimi nililala kwa vipande, nikiamka kila injini ilipobadilisha sauti.

Kulipopambazuka, milima ya Kongo ilikuwa mkono wa kushoto na ya Burundi mkono wa kulia, kijani kabisa, na mtu asiyejua angesema hakuna nchi yenye amani kama ile. Tulipita Ruziba karibu na ufuko. Wanawake walikuwa wameanika ndagala, dagaa wa kule, mchangani, na nyuma yao shamba la mihogo lilikuwa limelimwa vizuri, mistari imenyooka. Juu zaidi mlimani palikuwa na moshi. Hakuna aliyesema ni moshi wa nini, na mimi sikuuliza.

Bandari ya Bujumbura ilikuwa na askari wengi kuliko makuli. Mmoja alipekua vitenge vyangu, akavikunjua vyote, kisha akashindwa kuvikunja. Nilimwonyesha. Akaniuliza nimekuja kufanya nini.

"Kumwona dada yangu," nikasema.

"Muambie asitembee jioni," akasema, akanirudishia hati yangu kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ameushika kiwiko, kama watu wa kule wanavyompa mtu wanayemheshimu. Umri wake ulikuwa kama wa Idi.

Buyenzi nilifika kabla ya adhuhuri. Barabara za mtaa ule zimenyooka na zimepewa namba, na kila baada ya milango michache kuna fundi amelala chini ya gari. Dada Mwamini alinipokea kwa kunishika mashavu. Amekonda. Miguu inamsumbua siku hizi, lakini bado anaamka alfajiri kukaanga mandazi ya kuuza mlangoni mwa gereji.

"Wale watoto hawanunui tena?" nilimuuliza.

"Wananunua," akasema. "Lakini wa huku anakuja akishaondoka wa kule. Zamani walikuwa wanavunja ndazi moja vipande viwili."

Jioni, kabla ya saa ya kujifungia ndani kwa amri ya serikali, tulikula ugali na mukeke, samaki wa ziwani, wa kuchoma. Tulikuwa wawili. Dada alipakua sahani tatu, na ya tatu akaifunika kwa kawa, akaiweka juu ya kabati.

"Ya nani hiyo?"

"Ya Idi."

Nilidhani akili imeanza kumpotea. Akanitazama akacheka.

"Mi si mwendawazimu, Sauda. Mama alikuwa anafunika ya baba akiwa safari, umesahau? Mutu asipokuwepo, fungu lake liko. Asubuhi ninampa Deo. Anakula hapo mlangoni, anarudisha sahani, anasema asante. Habari ya Idi haulizi hata siku moja."

Sikuwa nimesahau, ila mimi kwangu niliacha zamani. Nililala nikiitazama ile kawa juu ya kabati.

Jumapili baada ya sala ya adhuhuri tulikwenda gerejini, dada na beseni lake, mimi na masikio yangu. Mwenye gereji ni Ramazani, mtu mnene wa maneno machache, aliyewaruhusu vijana kupiga kelele pale tangu mwanzo. Redio yake ya kaseti huunganishwa na betri ya gari. Mashabiki walikuwa wamekaa kwa makundi mawili, wengine juu ya matairi, wengine kwenye benchi, na katikati pamebaki nafasi ambayo ng'ombe angepita. Pembeni kabisa, Deo alikuwa ametugeuzia mgongo, amepiga magoti mbele ya mlango wa gari uliobonyea. Hakugeuka tulipoingia.

Ramazani akabonyeza, wimbo ukaanza. Unaitwa "Nani Aliwasha". Idi anapayuka, "Nyumba inaungua, nani aliwasha?" Kisha kila kitu kinanyamaza, gitaa, sauti, kila kitu, kwa muda ambao mtu anaweza kudhani kaseti imekatika. Halafu anarudi: "Nani atazima?" Ni hivyo mpaka mwisho, na kila swali la kwanza lina kimya chake.

Bosco, kijana wa Kamenge aliyevaa shati la shule alilolikata mikono, ndiye aliyeanza.

"Mi nimesikiliza mpaka nimechoka. Pale kwenye kimya anataka kusema ni sisi. Anaona haya tu kutaja."

"Apana," akasema Espe, msichana wa Ngagara anayesomea uuguzi. "Anataka kusema ni sisi. Kama ni nyinyi angetaja, juu ya nini asitaje? Kila siku redio inawataja."

"Redio gani? Ile ya kwenu?"

"Unaona? Umeanza."

Nilishangaa. Nilitegemea kila mmoja amsukumie mwenzake lawama, kumbe kila mmoja ameishika lawama kifuani kama yake na hataki kuiachia.

"Zamani Kutu walikuwa wanasema wazi," Bosco akaendelea. "Walimuimba mukubwa wa polisi na jina lake. Walikataa serikali, walikataa waasi, wote. Sasa anauliza swali, halafu anafunga mdomo. Hiyo si panki. Hiyo ni politiki. Amekaa Tanzania, amekula vizuri, anangoja aone nani atashinda."

Neno lile lilimchoma dada yangu. Aliweka beseni chini.

"Mutoto wangu hali vizuri," alisema taratibu. "Uliza mama yake mudogo, huyu hapa. Tena nyinyi ndio mulimufundisha kufunga mdomo. Wewe Bosco, watu wa kwenu walikuja mlangoni kwangu kumutafuta. Na wewe Espe, wa kwenu walikuja kesho yake. Chai niliwapa wote."

Espe aliinamisha kichwa, na nikaona machozi yamemlenga. Nilitamani kusema kitu, lakini nilikuwa nimeahidi kusikiliza tu, na kwa kweli hata mimi sikujua kimya kile kilikuwa cha nini. Nilijisemea moyoni kwamba yamekwisha. Nitarudi Ujiji, nitamwambia Idi asije, nitabaki na mtoto ambaye nilimtaka, na dada yangu ataendelea kufunika sahani ya mtu asiyekuja. Sijawahi kupata nilichokitaka nikajisikia vibaya kiasi kile.

"Rudisha mwanzo," akasema Espe. "Mara ya mwisho. Halafu mi naenda."

Ramazani akarudisha. Idi akapayuka tena kuhusu nyumba yake inayoungua. "Nani aliwasha?" Kimya.

Ndani ya kile kimya nyundo ikalia kwenye mlango wa gari. Haikuwa ya kunyoosha bati. Ilikwenda mbio, ikasita, ikaangukia mbili nzito, na palepale sauti ya Idi ikarudi, "Nani atazima?" Hapakubaki hata upenyo wa sindano. Kimya kilichofuata Deo akakijaza tena, na kinachofuata, magoti yakiwa bado chini, jasho likimtoka shingoni, na kila mara wimbo ulimsubiri amalize ndipo uendelee.

Uliponyamaza, wote tulikuwa tumemgeukia. Yeye alikuwa anaitazama nyundo.

"Hapo ni pangu," alisema. "Tangu zamani, mi ndiye napiga hapo. Ameniachia."

"Kule Kigoma hakuna mupiga ngoma?" Bosco akauliza.

"Wako wengi," nikasema, maana hilo nililijua. "Wale Wakongo walikuja na wa kwao. Idi alimrudisha nyumbani. Nilimgombeza, nikasema ni kiburi."

Deo alijipangusa uso kwa kiganja, akabaki na mstari wa grisi.

"Mi nilimukasirikia sana. Aliondoka kama mwizi. Kila asubuhi nakula chakula chake, namukasirikia. Nakula, namukasirikia." Akamtazama dada yangu. "Mama, hukuniambia walikuja mlangoni kwako."

"Ungeniuliza," dada akasema. Kisha akalia, akilia huku anagawa mandazi.

"Kumbe si sisi," Bosco akasema.

"Wala si sisi," akasema Espe. Nusura niseme walionekana kama watu walionyang'anywa kitu.

Wasidhani wasomaji wangu kwamba siasa iliishia hapo. Bosco alimeza ndazi lake akasema hata hivyo swali lipo, nani aliwasha, na Idi lazima atoe msimamo. Espe akasema msimamo ni kuuliza. Bosco akasema kuuliza ni kazi ya watoto. Waligombana mpaka jua likashuka, lakini sasa Espe alikuwa amehamia kwenye tairi la karibu apate kumkatiza vizuri, na Ramazani alipowafukuza kwa sababu ya saa ya kujifungia, Bosco alikuwa hajamaliza.

"Jumapili utaniambia," Espe alimjibu akiwa mlangoni.

Kabla hawajatawanyika, Ramazani aliazima redio ya pili kwa jirani, akaucheza wimbo mara moja zaidi na kuurekodi pamoja na nyundo ya Deo. Ndiyo zawadi niliyorudi nayo. Deo nilimuuliza kama ana salamu.

"Muambie mi niko," alisema.

Safari ya kurudi sikulala kabisa. Boti ilikuwa tupu zaidi, ziwa limetulia, na milima ilipofifia nyuma yetu nilijiuliza ni mama wa namna gani anayempelekea mtoto habari njema za kumrudisha vitani. Ningeweza kusema uongo. Kaseti ilikuwa ndogo na ziwa lilikuwa kubwa.

Ujiji, uani kwangu, Idi aliisikiliza akiwa amechuchumaa. Nyundo ikalia. Aliweka kiganja juu ya redio, akakiacha pale. Mwishoni inasikika sauti ya dada yangu ikisema, "Kuleni, kuleni, yatapoa," na hapo ndipo alipoinamisha uso. Nikampa habari zote, moja moja, hata moshi wa Ruziba.

"Bado wanagombana?" akauliza.

"Sana."

"Pamoja?"

"Pamoja," nikasema. Ilikuwa kweli, na kulitamka kuliniuma.

Aliondoka na boti iliyofuata. Nilimsindikiza mpaka bandarini, nikamfungia kitenge kimoja cha kumpelekea mama yake, nikamkumbusha asitembee jioni. Nilichojifunza Buyenzi si kuupenda muziki ule. Bado ni mtu anayegombana na gitaa lake. Lakini nilirudi nyumbani, nikapika, nikapakua sahani mbili, na ya pili nikaifunika. Asubuhi nilimwita kijana wa Kikongo anayekaa mtaani kwetu, yule mpiga ngoma aliyerudishwa, nikamwambia aje ale.