Shemeji na kaburi la mwenzetu

Wenzangu, leo nimeona mwanamume mzima akililia kaburi la mtu asiyemjua.

Huku Kolwezi leo ni sikukuu ya wazazi, Kongo nzima wamepumzika. Kwetu Tanzania hatuna. Huku asubuhi unasafisha makaburi ya wazazi, mchana unakula na walio hai.

Basi mtoto mgongoni, jembe mkononi, nikaenda na mama mkwe kaburini kwa baba mkwe.

Tukamkuta shemeji, kaja toka Lubumbashi. Miwani nyeusi, maua, simu kajielekezea usoni.

"Papa, niko nakukumbuka kila siku!"

Kila siku! Mzee kaugua miezi minane, anayemlisha uji ni mimi mgeni. Huyu hata mazishi hakuja.

Ndiyo maana kaburi analolifagia si la baba yake.

Nikafungua mdomo. Mama mkwe akanishika mkono.

"Acha amalize, mama. Ule wa pale hana na muntu wa kumufagilia."

Tukampita, tukaenda kumfyekea mzee wetu, safu ya nyuma.

Sasa video kaiweka mtandaoni. Watu wanamwandikia "mtoto mwema".

Nimwambie, au nimwache?

Maana jina msalabani linasomeka vizuri kabisa. La mwanamke.