Kuku Mweusi wa Buterere

Mama aligundua kwa sababu nilifunga Ramadhani nzima. Msichana aliyevunja ungo hakosi siku kadhaa za kula mchana, akazilipa baadaye. Mwaka ule sikuacha hata moja. Mama alinitazama mwezi mzima, na siku ya pili ya Idi akafunga mlango wa chumba.

"Umefunga siku zote," aliniambia. "Niambie ukweli. Uko na mimba?"

"Apana, mama."

"Damu ilikata lini?"

"Tangu walipomubeba baba."

Baba alikuwa fundi wa magari pale mtaani kwetu Buyenzi. Asubuhi moja watu wanne walikuja na gari lisilo na namba, wakamwambia kuna injini imekufa njiani, aende akaitazame. Alitoka amevaa salopeti yake ya kazi, kisanduku cha spana mkononi. Sasa ilikuwa miezi mitano. Hatukupata maiti wala habari, na mama alikataza watu wasikae matanga nyumbani kwetu.

Sijui kama aliniamini. Nilikuwa nafua nguo Kinindo, kwenye nyumba waliyokaa madaktari wa Kichina, na mmoja wao alikuwa mama mtu mzima mwenye nywele fupi. Kesho yake mama alivaa vizuri, tukaenda kwake pamoja. Barabarani watu walitembea haraka na kimya, maana tangu alfajiri milio ya risasi ilikuwa inasikika upande wa milimani.

Daktari alinishika mkono wa kushoto, akaweka vidole vitatu juu ya mshipa, akafumba macho. Akahamia wa kulia. Akatazama ulimi wangu. Kwa Kifaransa chake cha kuokoteza alimwambia mama kwamba sina mimba. Damu yangu haikupotea, imeogopa, ikawa baridi. Kwao, alisema, woga huingia kwenye figo na kukaa humo. Alipouliza nani amenitisha, mama aliuliza tu dawa yake ni nini.

Dawa aliyotupa ilikuwa chakula. Nisinywe maji ya baridi wala kula matunda mabichi. Kila asubuhi chai ya tangawizi na tende. Damu ikirudi, siku zake nile vya moto na laini tu. Ikikauka, maini, mboga ya lengalenga na maharagwe meusi ili nijaze kilichotoka. Katikati ya mwezi, mayai na samaki. Ikikaribia tena, tangawizi izidi. Na kabla ya yote nipate supu ya kuku mweusi, asiye na hata unyoya mmoja wa rangi nyingine.

Mama, ambaye tangu baba achukuliwe aliweza kumaliza wiki nzima bila kuingia jikoni, alianza kupika. Tende zilipatikana dukani kwa jirani. Maini yalipatikana siku ambazo ng'ombe waliweza kupita barabarani. Kuku mweusi hakupatikana Buyenzi, wala sokoni. Mtu akamwambia Buterere wapo.

Nilimwomba asiende. Kule, pembeni ya mashamba ya mpunga, watu walikuwa wanapotea mchana kweupe. Alisema atarudi kabla ya adhuhuri. Adhuhuri ikapita. Nilikaa kizingitini mpaka alasiri, na kila mwanamke aliyetokea kwenye kona nilidhani ni yeye.

Alirudi akiwa na kuku kwapani, miguu imejaa tope. Hakunisalimu. Alichinjisha, akanyonyoa, akapika na tangawizi nyingi, akanipakulia bakuli zima. Alikaa mbele yangu mpaka nikamaliza. Ndipo akasema.

"Mwenye aliniuzia huyu kuku alikuwa amevaa salopeti ya baba yako."

Nikamwambia salopeti zinafanana.

"Kiraka cha gotini nilikishona mi mwenyewe, na kitambaa ya pazia yetu."

Hakumuuliza kitu yule mtu, ila kabla ya kukiona kiraka alikuwa ameshamwambia kuku ni dawa ya binti yake anayefua kwa madaktari wa Kichina. Alilipa, akashukuru, akaondoka polepole ili asionekane anakimbia. Lakini aligeuka mara moja, na yule mtu alikuwa bado amesimama, anamwangalia.

Kisha aliingia chumbani. Alipotoka alikuwa amejitanda shuka nyeupe, amevua hereni na bangili. Alisema eda yake inaanza leo, na kama mtu yeyote nisiyemjua atakuja kuuliza habari zake, niseme amehamia mtaa wa Mutanga Sud kwa ndugu.

Damu ilirudi wiki ya tatu, nyeusi na nzito, na maumivu yaliyonilaza chini. Mama alinikanda mgongo kwa kitambaa cha moto, akashukuru Mungu kwa sauti ndogo.

Nilipopata nguvu nilikwenda Kinindo kumwambia daktari. Geti lilikuwa limefungwa kwa mnyororo. Zamu, mlinzi wa nyumba ya jirani, alinieleza kwamba Wachina wamepelekwa uwanja wa ndege siku mbili zilizopita.

"Na kuna mutu alikuja jana," aliongeza. "Aliuliza yule binti wa kufua anakaa wapi."

Nikamuuliza amevaa nini. Alisema hakutazama.

Jumatatu tulivuka mpaka kwenda Uvira, mama akiwa bado na nguo zake nyeupe, na baba hatujamzika mpaka leo.