Shamba Lililoganda

Jirani wetu wa ghorofa ya juu, hapa Lewisham, London, alikuwa mchezaji wa hoki ya barafuni, mzaliwa wa Ucheki. Jina lake ninalo kichwani, kama majina ya majirani wote niliowahi kuwa nao, ila jina la mtu siliweki kwenye karatasi bila ruhusa yake. Siku moja nilimkuta amekaa ngazini, mguu kaunyoosha, goti limevimba kama boga. Nikamwambia, "Pole, mwanangu."

Akageuka upesi, akasema kitu. Binti yangu, ambaye ni muuguzi na ndiye anayenitafsiria Kiingereza, akaangua kicheko.

"Mama, anauliza nani amekufundisha lugha yao. Kwao 'pole' ni shamba."

"Mwambie shamba nililiacha Kenya. Hapa nampa pole ya goti."

Akacheka naye, kisha neno hilo likamfungua mdomo. Nyuma ya nyumba yao kweli kulikuwa na shamba. Baridi ikija, baba yake alilimwagia maji, likaganda likawa kioo. Hapo ndipo alipojifunza kuteleza, ameshikilia kiti cha jikoni asianguke. Kuteleza huko kukamtoa kwao hata ndevu hazijaota, kukampeleka Marekani kwenye ligi kubwa, kukamrudisha Ulaya, timu hii na ile, mpaka London, ambako wengi hawajui hata kama mchezo huo upo. Sasa daktari alikuwa amemwambia ajaribu mechi moja. Goti likikataa, aache kabisa. Na kazi nyingine hakuwa nayo.

Tukaenda kumtazama. Mimi barafu niliyoijua ni ya friji. Pale ulikuwa uwanja mzima, mweupe, baridi yake inakupanda miguuni. Wakatoka wanaume wamevaa viatu vyenye visu. Mungu wangu! Watu wazima wakapita kama mbayuwayu, hata hatua huzioni. Na yule anayepanda ngazi zetu kwa kushika ukuta alikuwa akienda kinyumenyume, mbio ambazo mimi sijawahi kukimbia nikienda mbele.

"Ndiye huyu kweli?"

"Ndiye. Keti, Mama, unawaziba watu."

Nitaketi vipi? Jitu moja likambamiza ukutani, akaanguka. Nikamwita Yesu kwa sauti. Akainuka, akaendelea mpaka mwisho, nami nikapiga makofi hadi viganja vikaniwaka.

"Amepona!" nikasema.

Binti yangu hakupiga makofi. "Hukuona? Tangu aanguke anageukia upande mmoja tu."

Sikuwa nimeona. Mimi nilidhani ndio ufundi wenyewe.

Wenzake wakatoka, yeye akabaki. Akazunguka uwanja taratibu, akainama, akavua glovu, akaweka mkono juu ya barafu. Kisha akaja pale tulipokuwa, akamwambia binti yangu maneno machache.

"Anasema basi, Mama. Ameacha."

Nikautafuta ule mkono juu ya kizuizi cha uwanja. Ulikuwa umelowa, wa baridi kali. Nikaushika kwa mikono yangu yote miwili mpaka ukapata joto.