Majibu ya Maman Nzigire

Kwa miaka ishirini Maman Nzigire alivusha vitenge na dagaa wa sambaza kati ya Bukavu, Kongo, na Kamembe, Rwanda, na hakuna mshika kalamu aliyewahi kupata ukweli wote kinywani mwake. Mpakani ukiulizwa, unapunguza. Mzigo unakuwa mdogo, na ndugu wa damu anakuwa mtu unayemjua kwa mbali. Hakuona haya hata kidogo, maana ndivyo alivyolea watoto.

Sasa bintiye Honorine, aliyeolewa Hispania, alikuwa karibu kujifungua, na Nzigire alitaka kumpakata mjukuu wake wa kwanza. Mama mkwe wa Honorine alimwandikia Nzigire mwaliko kwa Kihispania. Ofisi ya viza Kigali ikataka Kiingereza, basi akaupeleka kwa Papa Muderhwa, mfasiri wa Kamembe aliyefundishwa Kihispania na masista.

Muderhwa alisoma, akaweka kidole kwenye neno moja.

"Hii *esperar* iko na maana mingi, Maman. Ni kungojea muntu mwenye anakuya kweli, ao ni kutumaini tu. Kiingereza kinataka nichague. Ule bibi munajuana? Alisha kutayarishia chumba?"

Nzigire akamtazama kwa jicho la pembeni. Mfasiri gani huyu, anayechunguza vyumba vya watu? Barua si iko mbele yake? Bila shaka ana mtu wake Kigali wa kumpelekea habari.

"Simujue sana," akajibu. "Tulionana mara moja tu."

Uongo mtupu! Bibi yule alipokuja harusini alilala kwake mwezi mzima, wakamenya ndizi pamoja, wakicheka bila lugha.

"Na chumba?"

"Sijue."

Muderhwa, mtu wa haki, akaandika kwamba wanatumaini huenda atafika. Alipomsomea kwa Kiswahili, Nzigire aliitikia upesi ili aondoke.

Viza ikakataliwa: haikuonekana nani angempokea. Wiki ileile mtoto akazaliwa, na Honorine akapiga simu.

"Maman, mama mukwe amekatala mutoto abatizwe mbele ufike. Padri amekuya mara mbili, anamurudisha. Anasema anakungojea."

Nzigire alilia mpaka kitenge kikalowa. Kesho yake asubuhi alikuwa wa kwanza mlangoni kwa mfasiri, akaketi, mikono mapajani.

"Papa Muderhwa," alisema, "niulize tena."